Mpangaji wa Mpangaji Wangu

Kama umeanza kunisoma leo, usijali. Hujapitwa na jambo jema hata moja.

Mimi ni Orval Stucker wa mji wa Marker, mgane na mstaafu. Miaka thelathini nilisimamia mizani kwenye maghala ya ngano, na mkulima yeyote wa hapa atakwambia sikuwahi kumpunja mtu wala kumbeba mtu. Mwezi wa nane niliipangisha nyumba yangu kwa mwaka mzima, nikafunga safari ya Arizona kwenda kuoa. Nikafika Arizona, bibi harusi ana mume. Tena mume mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango, akanikaribisha kahawa.

Nikarudi Marker na trela bovu, kijumba cha magurudumu, nililolinunua njiani. Nyumba ina mpangaji, mkataba ni wa mwaka, na mimi sina pa kulala.

Mpangaji anaitwa Delphine Roark, muuguzi wa hospitali, mwanamke mwenye mdomo na moyo, na huwezi kujua ni kipi kitakachokupokea mlangoni. Siku ile ulinipokea moyo. "Weka trela lako hapo uani siku mbili tatu, mzee, ujipange."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Delphine alinipa reki. Nikakusanya majani ya uani kwangu mwenyewe kama kibarua.

Siku tatu zikawa miezi mitatu. Nia yangu ilikuwa moja na sijawahi kuificha: nilale ndani ya nyumba yangu kabla theluji haijaanguka. Trela halina hita, na kifua changu daktari alishakisemea.

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimesimama juu ya ndoo, nachungulia dirisha la bafu langu. Ndani ya beseni langu la kuogea alikuwemo bata bukini. Alikuwa anaoga.

Nikashuka kwenye ndoo, nikampigia simu mpwa wangu Kip.

Kip ni mwekezaji wa nyumba. Alihudhuria semina ya siku mbili hotelini, akatoka mwekezaji. Nilipokuwa nakwenda Arizona nilimwandikia hati ya uwakala ili aweze kutia saini kwa niaba yangu katika lolote linalohusu nyumba, na ni yeye aliyempata Delphine. Hati ile sikuwahi kuifuta. Nilikuwa na mambo mengi.

"Bata?" Kip akauliza. "Bata mzima?"

"Mzima, na ana hasira."

"Mkataba unasemaje?"

"Hakuna kufuga mnyama wala ndege."

"Nani aliandika hicho kifungu?"

"Mimi. Nilikinakili kutoka kwenye mkataba wa jirani. Yeye alikuwa na tatizo la njiwa."

"Mjomba, umeokota dodo chini ya mwarobaini! Sasa niambie kitu kimoja tu. Huyo mama analala chumba gani?"

Wewe huenda ukashangaa. Hapa Marker hilo ndilo swali la kwanza. Mpaka wa majimbo ya Kansas na Missouri umepita katikati ya mji wetu, na kwangu umepita katikati ya sakafu. Babu yangu aligongelea ukanda wa shaba kuuonyesha. Baraza, sebule, jiko na bafu viko Kansas. Vyumba viwili vya kulala viko Missouri.

Na tangu enzi za mababu, kwetu mtu ni wa jimbo analolaza kichwa. Msimu wa kuwinda kulungu ukitangulia kufunguliwa upande mmoja, nusu ya wanaume wa Marker huhamisha vitanda. Mama yangu alinizaa chumba cha nyuma badala ya sebuleni penye joto, kwa sababu baba mwaka ule alikuwa amekasirikia Kansas.

"Analala chumba cha nyuma," nikamjibu Kip. "Missouri."

"Basi kazi imekwisha. Kansas mpangaji akikosea, sheria inampa muda wa kurekebisha kosa. Missouri inampa muda wa kufunga mizigo. Siku kumi, mjomba! Mpe notisi ya Missouri, Sikukuu ya Shukrani utakula ndani."

Nikaandika notisi. Nikachana nywele, nikagonga mlango wa nyumba yangu.

Delphine alifungua akiwa amembana bata kwapani.

"Mzee Orval. Karibu kahawa."

"Nimekuja kiofisi."

"Basi nitakupa bila sukari."

Nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili. Bata naye akaitazama.

"Yaani hii yote kisa Meya?"

"Meya yupi tena?"

"Huyu hapa. Nilimwokota barabarani nikitoka zamu, bawa limevunjika. Angalia anavyotembea, utamkumbuka meya wetu."

"Meya hayumo kwenye mkataba."

"Na wewe uliyelala uani kwangu, umo?"

"Uani kwangu," nikasahihisha. "Mimi ndiye mwenye mkataba."

"Haya, mwenye mkataba. Miezi mitatu nakupa supu. Sijakuuliza unaondoka lini, sijakuuliza taulo langu liko wapi. Leo unanitoa nje kwa sababu ya bata?"

"Siyo bata, Delphine. Ni kifua. Nataka nyumba yangu."

"Na mimi naitaka. Ndiyo maana naikalia."

Akafunga mlango taratibu, kiustaarabu kabisa. Meya akapiga kelele nyuma ya mlango kwa niaba yake.

Niliona haya, sitawaficha. Mama wa watu hakunikosea kitu. Lakini nilirudi kwenye trela, nikavaa soksi za pili juu ya za kwanza, na haya yakapungua.

Asubuhi yake niliamshwa na mburuto. Kitu kizito kilikuwa kinaburutwa ndani ya nyumba. Nikapanda kwenye ndoo yangu.

Kitanda kilikuwa jikoni. Kimetandikwa vizuri, mto umeegemea jokofu. Delphine alikuwa amekaa juu yake na kikombe mkononi.

"Salamu kutoka Kansas, mzee!" akanipungia.

Huyu si mzaliwa wa Marker. Ila alikuwa amekaa vya kutosha kujua kitanda hapa kwetu kina kazi gani.

Nikampigia Kip.

"Ingia ukirudishe kitanda Missouri," akasema.

"Siwezi kuingia. Mwenye nyumba lazima atoe taarifa kwanza."

"Kwenye nyumba yako?"

"Kwenye nyumba yangu."

"Sasa wewe unamiliki nini?"

"Ndoo," nikamwambia. Nilikuwa bado nimesimama juu yake.

Delphine hakusubiri nifikirie. Alikwenda mahakamani upande wa Kansas, akaomba mambo mawili: notisi yangu itupwe, na trela langu liondoke.

La pili nilicheka. Nilicheka hadi nikakohoa. Trela langu liondoke kwenye uwanja wangu? Nikamwambia Kip mwanamke amechanganyikiwa.

Tukafika mbele ya Hakimu Haverkamp, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Yeye ni mtu wa magharibi huko, wa tambarare, ambako mipaka haipiti majikoni. Hilo lingenipa wasiwasi kama ningekuwa na akili.

"Bwana Stucker, jitetee."

"Mheshimiwa, hoja yangu ni fupi. Huyu mama alikuwa analala Missouri. Bata aliingia nyumbani wakati kitanda kikiwa Missouri. Kuhamisha kitanda baada ya notisi ni ujanja."

Hakimu akashusha ile miwani ya kichwani, akagundua anayo nyingine machoni, akairudisha.

"Kitanda kinahusikaje?"

"Mheshimiwa, mtu ni wa jimbo analolala."

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

Watu wa Marker walikuwepo wengi ukumbini. Wote wakaitikia kwa vichwa.

"Bata alikutwa wapi?"

"Bafuni."

"Bafu liko jimbo gani?"

"Kansas, mheshimiwa. Lakini bata haogi kila siku."

Hakimu akanitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta kama ninamdhihaki. Sikuwa namdhihaki, na hilo ndilo lililomchosha.

"Nisikilizeni, watu wa Marker," akasema. "Vitanda vyenu viwekeni mnapotaka. Sheria ya nyumba inafuata ardhi, haifuati mto. Mlango wa nyumba hii uko Kansas. Uwanja wote uko Kansas. Kodi ya ardhi Bwana Stucker anailipa Kansas. Mpangaji huyu ni wa Kansas hata akilala juu ya paa. Notisi ya Missouri naitupa."

Ukumbi ukanung'unika. Mzee mmoja nyuma alisema kwa sauti kwamba basi ndoa yake ni batili.

"Lakini," hakimu akaendelea, "bata ni kosa. Mkataba umekataza, na mpangaji alitia saini. Mama Roark, una wiki mbili kumtoa bata kwenye eneo hilo. Wiki mbili zikiisha naye yumo, mwenye nyumba ana haki ya kuuvunja mkataba na kuichukua nyumba yake."

Moyo wangu ukaruka. Nikamtazama Delphine. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ameinamisha kichwa.

"Bawa lake halijapona, mheshimiwa," akasema polepole. "Nikimwachia nje haishi."

"Pole. Sheria haina kifungu cha bawa. Sasa hili la trela. Bwana Stucker, wewe unaishi wapi?"

"Kwenye trela, mheshimiwa."

"Trela liko wapi?"

"Uani."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Uliupangisha uwanja huo?"

"Niliipangisha nyumba."

"Mkataba unasema nyumba na uwanja wake wote. Uliandika mwenyewe?"

"Nilinakili kwa jirani."

"Basi jirani yako ndiye amekufukuza. Ukishampangishia mtu eneo, eneo ni lake mpaka mkataba uishe. Wewe ni mmiliki, sawa, lakini huna ruhusa ya kulala pale zaidi ya mpita njia. Mama Roark alikuvumilia kwa hiari yake, na hiari imekwisha. Ijumaa trela liwe limetoka."

"Mheshimiwa, ninafukuzwa kwenye uwanja wangu na mpangaji wangu?"

"Ndiyo. Na una kikohozi, kamwone daktari."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka yote niliwasikia watu kwenye mizani wakilalamika kutolewa majumbani, nikawa nawaambia kwa upole kwamba sheria ni sheria. Nilikuwa nasema vile nikiwa nimekaa karibu na hita.

Nje kwenye maegesho Kip alikuwa ananisubiri, uso umejaa matumaini. Semina ile iliwafundisha hivyo.

"Mjomba, usihuzunike. Nina mtu kutoka Texas, Bwana Pruett. Ananunua nyumba hata bila kuziona. Wapangaji hawamtishi."

"Sitaki kuuza. Nataka kulala."

"Ukiwa na hela utalala popote."

"Kip, nimechoka. Fanya unavyojua, ila usinisumbue na maneno."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, na Kip anayakumbuka neno kwa neno.

Zikapita siku mbili. Trela halikupata pa kwenda. Niliuliza kwa jirani mwenye njiwa, akasema angenipokea, tatizo mkewe. Nikauliza kanisani, wakasema wataniombea.

Alhamisi theluji ikaanza.

Haikuja kwa kishindo. Ilianguka taratibu mchana kutwa, na ilipofika jioni maji ya kikombe changu yalikuwa yameganda mezani. Nilijifunika blanketi zote na koti la harusi ambayo haikufungwa. Nilikuwa naogopa, nawaambieni ukweli. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

Delphine akagonga trela. Ameshika bakuli la maharage na nyama, na kipande cha mkate wa mahindi juu. Meya alikuwa nyuma yake, anaikanyaga theluji kwa dharau.

"Kula. Halafu tuongee."

Nikala.

"Nimemzungusha Meya mji mzima," akasema. "Kila anayekubali kumchukua ananiuliza ana kilo ngapi."

"Sikukuu ya Shukrani iko karibu, kila mtu anatafuta ndege wa kuchoma."

"Ndiyo hivyo. Sasa, mzee, tuhesabiane. Kesho wewe unatoka uani. Wiki mbili zikiisha mimi natoka ndani, au Meya anatoka duniani. Nani amefaidi?"

Nikaendelea kukwangua bakuli. Maana jibu lilikuwa mimi, nikiwa hai.

"Mkataba unaniruhusu kumpangishia mtu chumba," akaendelea, "mradi mwenye nyumba akubali. Nimekuja kuomba idhini."

"Unataka kumpangishia nani?"

"Kuna mzee mmoja wa kifua. Hana makuu. Anachungulia madirisha kidogo, ila hana makuu."

Ilinichukua muda. Baridi ilikuwa imefika kichwani.

"Delphine, unataka nikupe ruhusa unipangishie nyumba yangu?"

"Chumba. Nyumba ni kubwa mno kwako."

"Na wewe unapata nini?"

"Ruhusa ya Meya. Kwa maandishi. Mwenye nyumba aseme bata anaruhusiwa, basi kosa halipo tena, na hakimu hana la kusema."

Hapo nikaona ujanja wote. Nikikataa na nikivumilia wiki mbili, huyu hana pa kumpeleka bata, na nyumba narudishiwa. Nikikubali, nimeutupa mkuki wangu wa pekee, nakuwa mpangaji wa mpangaji wangu mpaka mwezi wa nane.

"Mwenye nyumba anataka muda wa kufikiri," nikasema.

"Mwambie aharakishe. Mpangaji wake anageuka bluu."

Nikamtazama Meya. Meya akanitazama. Lile bawa lilikuwa limefungwa bandeji safi, ya hospitali, imefungwa na mtu anayejua kazi yake. Na mimi nilikuwa nimeshika bakuli la mtu huyo huyo.

Tukatia saini mezani jikoni, jioni ile ile, Delphine amekaa kwenye kitanda na mimi kwenye kiti. Karatasi mbili: moja ya bata, moja yangu. Tukaandika tarehe. Kwenye ya pili nilisaini mara mbili, juu kama mwenye nyumba ninayekubali, chini kama mpangaji ninayeshukuru.

"Masharti ya nyumba," Delphine akasema akinipa ufunguo. "Hakuna viatu ndani. Hakuna kusimama juu ya ndoo. Na Meya anaoga wa kwanza."

Nililala chumba cha nyuma, pale pale nilipozaliwa. Godoro, lililotolewa chumba cha mbele, lilikuwa langu la zamani. Joto lilikuwa linapanda kutoka sakafuni, na sikukohoa hata mara moja. Nililia kidogo. Nilijiambia ni mafua.

Ijumaa asubuhi niliamka mtu mwingine. Nilikuwa jikoni na nguo za ndani ndefu, nakaanga mayai matatu, moja la kwangu na mawili ya mama mwenye nyumba. Delphine alikuwa anamkatia Meya kabichi.

Mlango wa mbele ukafunguliwa bila hodi.

Aliingia Kip. Nyuma yake jitu refu la makamo lenye buti za ngozi, limeshika futi ya kupimia, tayari limeivuta.

"Simama hapo hapo!" nikafoka, kijiko cha kukaangia hewani. "Hakuna kuingia bila taarifa. Sheria!"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Lakini yalitoka yamenyooka, na Delphine akanitazama kwa heshima.

Kip alikuwa ameduwaa. "Mjomba? Unafanya nini humu?"

"Nimepanga."

"Umepanga kwa nani?"

"Kwa mpangaji wangu."

"Mjomba, subiri. Usiseme kitu kingine. Huyu ni Bwana Pruett."

"Afadhali. Na yeye avue viatu."

"Bwana Pruett ndiye mwenye nyumba."

"Nyumba gani?"

"Hii," Kip akasema. "Nimeiuza jana. Uliniambia nifanye ninavyojua, na hati yako ya uwakala bado inafanya kazi. Bei nzuri, mjomba! Nilitaka iwe zawadi ya sikukuu."

Nilikaa kwenye kitanda cha Delphine kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Babu aliijenga nyumba ile. Baba alifia kwenye chumba cha mbele. Mimi nimeizunguka miezi mitatu nikiilia, nimeipata kwa usiku mmoja tu, na usiku wenyewe haikuwa yangu.

"Kip," nikasema, "ungenipigia simu."

"Ulisema nisikusumbue na maneno."

Delphine alikuwa wa kwanza kurudiwa na akili. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono.

"Bwana Pruett, karibu. Nina mkataba mpaka mwezi wa nane. Ukinunua nyumba, umenunua na mpangaji aliyemo."

"Najua, mama," jitu likajibu kwa adabu. Lilikuwa limevua kofia. "Nimeusoma mkataba wako wote, na nauheshimu wote. Mpaka kifungu cha ndege."

Meya akamaliza kabichi, akatembea hadi ukingoni mwa jiko, akasimama juu ya ukanda wa shaba.

"Ana ruhusa ya mwenye nyumba," Delphine akasema. "Kwa maandishi."

"Mwenye nyumba yupi?"

"Huyu hapa."

"Alitia saini lini?"

"Jana."

Pruett akaikunja futi yake taratibu. "Mimi nimekuwa mwenye nyumba tangu jana saa nne asubuhi. Karatasi zenu zina tarehe, najua, lakini nadhani hazina saa. Kama mlitia saini kabla ya saa nne, mzee alikuwa na haki ya kuruhusu, nami sina neno. Kaeni na bata wenu. Kama ni baada, mzee aliruhusu kitu kisicho chake. Bata ni kosa, na muda aliotoa hakimu umebaki wiki moja na siku kadhaa."

Hapo ndipo nilipoelewa nilipo. Bata akikosa ruhusa, mkataba wa Delphine unavunjika. Mkataba wa Delphine ukivunjika, chumba changu kinakwenda nao. Ule mkataba niliohangaika kuuchana ndio pekee uliobaki kati yangu na theluji, na kati ya mama huyu na barabara.

"Ni kabla," Delphine akasema. Hakupepesa jicho. "Asubuhi na mapema, tukiwa tunakunywa kahawa."

Nje niliona trela langu, limefunikwa theluji hadi madirishani.

Pruett alinigeukia mimi, akainama kidogo, kama watu wanavyowainamia wazee.

"Kip amekusifia sana njiani, mzee. Anasema miaka thelathini kwenye mizani, hujawahi kusema uongo hata wa kilo moja. Basi mimi sitaulizia mashahidi wala wakili. Utakalosema wewe ndilo nitakalolifuata. Ni kabla, au ni baada?"

Mayai yalikuwa yanaungua na hakuna aliyeyageuza. Delphine alinitazama, macho yake hayaombi kitu. Ni yale yale aliyokuwa nayo siku alipoiambia mahakama kwamba bawa halijapona.

Nikakohoa, nikasafisha koo, nikamtazama Pruett usoni.

"Bwana Pruett," nikasema, "ni kabla."

Kip akashusha pumzi. Pruett akatikisa kichwa kukubali, akarudisha kofia yake kichwani, akaelekea mlangoni. Kwenye kizingiti akasimama, akageuka.

"Nashukuru, mzee. Ili afute ule muda wa wiki mbili, Hakimu Haverkamp atataka kulisikia hilo Jumatatu, ukiwa umeapa."